Gesi Imeisha

Ukitaka kujua fundi wa AC atakuambia nini, usijisumbue kwenda gereji. Gesi imeisha. Upepo hafifu? Gesi. Gari linanuka soksi? Gesi. Hiyo gesi nilishajaza, nikalipa, nikarudi zangu kwenye foleni ya Mwenge, vioo nimefunga, jasho linanitiririka hadi kwenye mkanda. Baridi ipo, ila inatoka kwa kubembelezwa.

Wala hakuna aliyewahi kunidokeza kwamba gari lina filta mbili za hewa. Ile ya injini, chini ya boneti, kila mtu anaijua. Hupigwa upepo wa kompresa kwa mbwembwe zote kila sevisi. Nyingine, kwenye Toyota zetu nyingi, imejificha nyuma ya kidroo cha dashibodi, mbele ya magoti ya abiria. Inachuja hewa kabla haijapita kwenye evaporeta inayoipoza na kuja puani mwako. Ikiziba, hata ukijaza gesi mtungi mzima, upepo utatokea wapi? Wataalamu wanashauri ibadilishwe kila kilomita 15,000 hadi 20,000 hivi, au mapema zaidi penye vumbi. Penye vumbi! Hao wamewahi kufika Goba wakati wa kiangazi? Kijitabu cha gari langu labda kinaeleza yote hayo, lakini gari ni mtumba wa Japani na kijitabu nacho ni cha Kijapani. Naangalia picha tu.

Basi nikaenda Kariakoo kutafuta spea. Muuzaji akanikomalia nichukue ile nyeusi yenye mkaa, eti inakata harufu. Inakata kweli, na hela pia inakata.

Kazi yenyewe haitaki hata bisibisi. Kazi ni kuondoa vikorokoro kidroo kiwe kitupu: risiti za mafuta zilizofutika, stika za bima za enzi hizo, kiatu kimoja cha mtoto ambaye sasa yuko sekondari. Ukimaliza hapo unachomoa kijiti cha plastiki kinachokishikilia pembeni, unabana kuta zake kwa ndani, kidroo kinaning'inia. Nyuma yake kuna mfuniko mwembamba. Bonyeza vibanio, vuta.

Nikavuta bustani. Majani makavu ya mwarobaini, mabawa ya kumbikumbi, manyoya ya kiumbe ambacho sikutaka kukifahamu, na vumbi lililoshindiliwa hadi mikunjo ya filta haionekani. Mama watoto akachungulia. "Hii ndiyo hewa tuliyokuwa tunavuta?" Nikajifanya natafuta kibanio.

Sasa uswahilini kwetu ukiinama tu ndani ya gari, mabingwa wanajaa. Huyu anasema ioshe kwa sabuni ya unga uianike. Karatasi hiyo, mzee! Yule anasema mshale wa kwenye filta uangalie juu, mwenzake anaapa ni chini, wote wawili hawana hata baiskeli. Nikafuata ulivyokaa ule wa filta ya zamani, nikafunga, nikawasha. Upepo ukaja wa kupeperusha risiti.

Jirani yangu Baba Nasra, kikombe cha chai mkononi, hakutikisika. Yeye AC yake ni ya kujisifia mtaa mzima, haijawahi kupungua nguvu. "Hebu nifungulie na mimi tuone." Nikafungua. Hamna kitu. Tundu jeupe, safi, pale filta inapotakiwa kukaa. Fundi fulani aliwahi kuitoa, akaona gari linapuliza vizuri, akafunga, akachukua chake.

Nikamweleza kwa utaratibu: baba, vumbi lote la barabarani linakwenda moja kwa moja kwenye evaporeta, pale pana unyevu, linageuka tope, halafu uvundo, halafu mtaifungua dashibodi nzima.

Akanywa chai. Akafikiri.

"Kwa hiyo nikiweka hiyo filta, upepo utapungua?"

"Kidogo."

"Funga."