Sifa za Demo ya Wagumu wa Mwanjelwa

Nimekabidhiwa demo ya kwanza ya kundi moja la hip hop ngumu la hapa Mbeya, nyimbo tano ndani ya flashi yenye virusi, nitoe tathmini. Kwa kuwa vijana wameniita "bro mkubwa" mbele za watu pale Kabwe, sina budi kusifu. Basi nasifu.

Sifa yake kuu ni ukweli. Studio za Dar hudanganya: unamsikia msanii peke yake, utadhani hana jirani wala mwenye nyumba. Demo hii haimfichi msikilizaji kitu. Imerekodiwa chumbani Mwanjelwa, kuta zimebandikwa trei za mayai, godoro limeegemezwa mlangoni, na bado Mbeya nzima imeingia. Wimbo wa kwanza unafunguliwa na mvua juu ya bati, na mvua ya huku haimpunguzii mtu sauti. Ubeti wa pili ni wa bodaboda. Kwenye kiitikio mama mmoja anasalimia "Ugonile", mwenzake anajibu "Ndaga", tena anaipatia biti sawasawa, jambo ambalo wachanaji wenyewe hawakulifanikisha katika nyimbo zote tano. Wimbo wa tatu unaishia njiani kwa sababu umeme ulikatika, nao kwa uadilifu wakauacha hivyohivyo. Mtafiti wa mwaka 2090 akitaka kujua Mwanjelwa ilivumaje, asihangaike na maktaba. Avumilie tu, atapata hata bei ya maparachichi, maana muuzaji anaitaja mara mbili na hapunguzi. Kisichosikika ni mistari ya wachanaji, lakini huwezi kuhifadhi kila kitu.

Biti ni ya kuazima. Hilo nalo ni kuwaheshimu wazee: mwaka 1991 Saleh Jabir alichana kwa Kiswahili juu ya biti ya Vanilla Ice, na leo tunamhesabu miongoni mwa waasisi. Mchanaji mkongwe Sugu anatajwa katika kila wimbo, na mchanaji wa tatu anaapa kwamba naye atagombea. Kwa kuwa Sugu alikuwa mbunge wa Mbeya Mjini kuanzia 2010 hadi 2020, kiapo hicho kina mantiki kuliko vina vyake. Ugumu wao hauna shaka. Wimbo wa nne unatishia kumpiga mtu asiyetajwa kwa kosa lisilotajwa. Nashuku ni mimi.

Ningeendelea kusifu, ila niliwasindikiza redioni. Mtangazaji, hedifoni shingoni, akasikiliza mpaka bodaboda ilipopita, akasema: "Kwaliti bado." Hapo tulikubaliana kabisa. Kisha akatutoa nje, akaeleza kwamba ikipatikana elfu hamsini ya vocha, wimbo utaingia jioni hiyohiyo. Wimbo uleule! Mvua ileile! Kama kwaliti inapandishwa na elfu hamsini, trei za mayai tulibandika za nini? Na huyuhuyu ndiye anayetuhubiria kila asubuhi tuwasapoti vijana wa nyumbani, halafu anapiga nyimbo za Dar mpaka mchana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mwenye wimbo kuwa ndiye wa kulipwa ukipigwa redioni. Labda nakala ya sheria iliyofika kwao nayo ilirekodiwa chumbani.

Mapromota sitawasema sana. Tamasha kubwa likija Uwanja wa Sokoine, wa nyumbani hupandishwa jukwaani jua likiwaka, mafundi wakijaribu maiki, watazamaji wakiwa ni wauza karanga. Malipo ni nauli, nayo hupigiwa hesabu ya daladala kutoka Mwanjelwa. "Mtapata jina," wanaambiwa. Jina wanalo, tena wanalipiga kelele kila baada ya mistari minne.

Vijana wamekopa ile elfu hamsini. Wimbo umepigwa mara moja, saa tisa usiku, na aliyekuwa zamu akaongea juu yake mwanzo hadi mwisho, akiwasalimia walinzi na madereva wa malori ya Tunduma.