Bosi Akicheka

Getini kwetu Ilboru pana kibao: MBWA MKALI. Kikali ni kibao. Bosi mwenyewe ni koko wa rangi ya mchanga, na akikupenda anakuchekea: mdomo wa juu unapanda, pua inakunjamana, meno yote ya mbele yanatoka nje kukulaki.

Mama wa maziwa hakuambiwa. Asubuhi hiyo alikuta geti wazi, akaingia, akapokewa na meno. Nilipotoka, dumu la lita tano lilikuwa limelala chini bila kifuniko, mwenyewe yuko barabarani anahema.

"Yeyo, samahani, huyo anacheka tu!"

"Anacheka nini, mwanangu? Kwani nimemwambia nini?"

Nikalipa lita zote tano. Bosi, aliyekwisha kuzilamba, akanichekea na mimi.

Tangu hapo nimekuwa mwalimu wa mtaa. Mbwa wa kung'ata hukakamaa, hukukodolea macho, hunguruma. Huyu wetu anainamisha kichwa, masikio yanalala, macho anayafinya, mkia unapepea chini chini mpaka kiuno kizima kinaufuata. Ni shikamoo yake. Darwin aliiandika tabia hii mwaka 1872, akamtaja Maida, mbwa wa mwandishi Walter Scott. Kwa hiyo Bosi ana wenzake wakubwa, ingawa mimi nilimtoa Ngaramtoni ndani ya boksi la sabuni.

Mke wangu akataka tumkomeshe. Haiwezekani, ukimkaripia ndiyo kwanza anazidisha meno, maana ndivyo anavyoomba radhi. Nikaona heri acheke kwa amri, mgeni ajue ni mchezo. Kila alipotoa meno mwenyewe, bila kulazimishwa, nilisema "Cheka!" nikamtupia dagaa. Paka alilalamika wiki nzima. Bosi akafuzu.

Ikafika Jumapili ya kipaimara cha binti yetu. Mpiga picha, chalii mmoja mtanashati, akatupanga uani, Meru umetoka mawinguni nyuma yetu. Akaitega kamera kwenye miguu yake mitatu iwe inapiga yenyewe, akasimama kando.

"Haya, wote, chekeni!"

Bosi hajasoma sarufi, lakini wingi huo aliuelewa. Akatoka chini ya meza ya pilau, akaenda moja kwa moja kwa mwenye amri kudai dagaa wake.

Picha iliyofaa ni moja. Sisi sote tumegeuza shingo kuelekea juu ya mparachichi. Anayeitazama kamera ni Bosi peke yake.