Sifa za Kikaratasi cha Karo

Washairi wa Mombasa, tangu enzi za Muyaka, wamesifu vita, mapenzi na mji wao. Kikaratasi cha karo hakuna aliyekigusa. Dhuluma hii imekaa mno, na kwa kuwa mimi si mshairi, nitakisifu kwa maneno makavu.

Nakusudia kile kipande, robo ya ukurasa, anachopewa mtoto wa akademi, yaani shule ya kibinafsi, Jumatatu asubuhi muhula ukifika wiki ya tatu au ya nne, arudi nacho nyumbani na asionekane tena hadi karo ilipwe. Ni fotokopi ya fotokopi, herufi zimepauka. Kuna pengo la jina na pengo la kiasi, na yote mawili hujazwa kwa kalamu. Kinaanza na "Mzazi mpendwa". Pale Mishomoroni baba anayekipokea ana mwezi hajaitwa mpendwa na mtu yeyote, hata mkewe.

Kina nasaba, tena nasaba ndefu. Mwaka 1974 serikali ya Mzee Kenyatta ilifuta karo ya darasa la kwanza hadi la nne, watu wakakifanyia matanga. Kikafufuka kwa jina la ada ya ujenzi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ikaja sera ya kugawana gharama, kikanenepa. Januari 2003 Rais Kibaki akaanzisha elimu ya msingi bila malipo, na idadi ya wanafunzi nchini ikaruka kutoka milioni 5.9 hivi hadi milioni 7.2 ndani ya mwaka mmoja. Madawati hayakuruka nao. Mzazi aliyekuwa na chochote mfukoni alichungulia darasani, akaona watoto watatu wanagombea kiti cha mmoja, akamshika wake mkono akampeleka kwa jirani aliyegeuza nyumba yake ya mabati kuwa shule. Chaani, Mtopanga, Timbwani, Mtongwe, Magongo: kila kichochoro kikapata akademi yake, yenye jina la Kiingereza refu kuliko jengo lenyewe. Kikaratasi kilichofukuzwa kwa sherehe kikaingia mlango wa nyuma. Serikali ilipoifanya elimu kuwa bure, ndipo watu wengi wa kipato kidogo walipoanza kulipia ile ya kibinafsi.

Basi tuhesabu fadhila zake. Hakuna maandishi yanayosomwa kwa makini kama haya katika Mombasa bara. Ripoti ya mtaala mpya, ile isemayo mtoto "anakaribia matarajio", baba huitia saini bila kuuliza ni matarajio ya nani. Kikaratasi hukisoma mpaka nukta ya mwisho, kisha hukigeuza nyuma aone kama kumeandikwa neno la huruma. Mtoto akishindwa kusoma Kiingereza cha kitabu, mpe kikaratasi: "balance" na "immediately" atayasoma bila kigugumizi.

Pia hukusanya ukoo. Kundi la familia kwenye simu limenyamaza tangu Idi. Mama anapiga picha kikaratasi, anakituma bila maneno. Alama za buluu zinajaa: ami wa Mikindani ameona, shangazi wa Bombolulu ameona, binamu aliyeoa juzi kwa mbwembwe na tarumbeta ameona. Kimya. Baada ya saa mbili mmoja anaandika "Inshallah", na wote waliobaki wanaweka alama ya dua. Usidharau. Kwa kikaratasi hiki familia hujua nani ni jamaa wa kweli na nani ni jamaa wa picha za harusi. Kwa kawaida atakayetuma kitu ni yule asiyetarajiwa, dada aliyeko Riyadh au Jeddah anayefua na kupikia nyumba ya watu, na ambaye wanawe mwenyewe kawaacha kwa bibi yao Likoni. Karo ngapi za Kisauni na Likoni zinatoka katika mikono ya wanawake hao, kikaratasi hakisemi. Pengo la jina la mtoto kinalo; la mlipaji hakina.

Halafu ni mwalimu wa hesabu asiyelala. Usiku ule, watoto wakishalala, mume na mke huketi na kalamu. Tuseme karo ni 9,000 kwa muhula, chakula cha mchana 3,000, na tuktuk ya kumpeleka na kumrudisha 2,500. Hiyo ni 14,500, mara tatu kwa mwaka, kabla ya sare, vitabu vya mtaala, "pesa ya kompyuta" ya shule yenye kompyuta mbili, na ile sherehe ya kumvisha joho mtoto wa miaka sita kwa kumaliza chekechea. Kwa mtoto huyohuyo, angekuwa shule ya msingi ya umma, kiwango rasmi cha serikali ni shilingi 1,420 kwa mwaka mzima. Mke husoma namba hizo kwa sauti, mume hukohoa. Huko nako, anasema mke, bure yenyewe ina pesa za mtihani na pesa za mlinzi. Mume anajibu kwamba hizo ni mia mia. Mke anauliza: nani alijua, mwanetu alipotoroka wiki nzima kabla hatujamhamisha?

Hapo mjadala huisha, na mimi nadhani mke amegusa penyewe. Watu husema wananunua Kiingereza, au darasa dogo, au geti linalofungwa, au shule ambayo mtoto haivukii barabara kuu ya malori. Yote kweli. Ila kinachonunuliwa hasa ni mtu wa kumgombeza. Ukilipa, hata ukilipa nusu, unaweza kwenda kwa mkurugenzi na buibui lako na ghadhabu yako, ukapiga meza, na atakusikiliza kwa kuwa nusu ya pili iko kwako. Anayekudai anakujua. Serikali haimdai mtoto wako senti, na siku asipokuja haina haja ya kuuliza. Kikaratasi kinachomfukuza mtoto ndicho hichohicho kinachothibitisha kwamba kuna mahali alihesabiwa. Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima; ni ibara nzuri, lakini haina mlango wa kubisha.

Deni lenyewe lina utaratibu wake wa heshima. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Wazazi wa Kisauni wamegundua dawa ya kutuliza, ambayo ni kulipa kidogo. Shilingi 1,000 zikiingia kwa M-Pesa kabla ya saa mbili asubuhi, mtoto hurudi darasani kwa siku kadhaa. Zikitoka kwa Fuliza, ule mkopo wa simu, hurudi vilevile, na deni linakuwa limehama ofisi tu. Mhasibu anajua, mzazi anajua, na wanaulizana hali kwa upole kana kwamba hakuna anayejua.

Anayetaka kufahamu uchumi wa Mombasa bara asisumbuke na takwimu. Amwombe mhasibu wa akademi daftari. Kiwanda cha Changamwe kiliacha kusafisha mafuta Septemba 2013. Mei 2014 Uingereza iliwaonya raia wake wasije Mombasa bila dharura, mahoteli yakabaki na viti vitupu, na wapishi na wahudumu wakarudishwa nyumbani kupumzika. Mwaka 2017 reli mpya ikazinduliwa, na 2019 ikatoka amri kwamba makontena ya kwenda mikoa ya bara yapande treni. Dereva wa lori, utingo, fundi wa tairi na mama wa chai wa Miritini wakasimama kando ya barabara wakiitazama riziki ikipita juu ya daraja la zege. Amri ile ilipigiwa kelele, ikasitishwa, ikazungushwa, mpaka Septemba 2022 serikali mpya ilipoifuta. Mambo haya yalitangazwa kwa lugha ya usalama na ya maendeleo. Chaani yalifika yametafsiriwa: jina la mtoto, kiasi, tarehe ya mwisho.

Wako wanaokitukana kikaratasi na kusema wenye shule ni walafi. Wengine ni walafi kweli. Lakini walaumu hao wakumbuke mwaka 2020. Machi shule zikafungwa, na madarasa mengi hayakurudi hadi Januari 2021. Miezi tisa bila kikaratasi! Lingekuwa jambo la kusherehekewa, kama si kwamba mwalimu wa shule ya kibinafsi halipwi na Tume ya Huduma za Walimu, hulipwa na kikaratasi. Kilipokoma, wengi wao hawakupata mshahara. Walimu wakauza barakoa, wakakaanga viazi karai, wakaendesha bodaboda, na baadhi ya shule hazikufunguliwa tena.

Na mwalimu huyu ndiye kilele cha sifa zangu. Yeye ndiye anayesimama mbele ya darasa Jumatatu na kusoma majina. Mshahara wake wa mwezi uliopita haujatoka, maana baba zao hawajalipa. Baba zao hawajalipa maana bandarini kumepoa. Anagawa vikaratasi ishirini, darasa linabaki na watoto tisa, anafundisha sehemu huku akijua atairudia yote wiki ijayo. Jioni anafika kwake Mtopanga, anamkuta mwanawe ameshinda kibarazani na sare mchana kutwa, ameshika kikaratasi cha akademi nyingine, kilichoandikwa na mwalimu mwingine ambaye naye hajalipwa. Ukikifuata kikaratasi kimoja nyumba kwa nyumba, utaizunguka Mombasa bara nzima usimpate mtu aliyeshika pesa. Sijui ni chombo gani kingine cha fedha kinachoweza kazi hiyo bila hata benki.

Faida za mtoto ni chache, lakini zipo. Hupata likizo isiyo kwenye kalenda. Yule wa Likoni anayesoma kisiwani hurudishwa saa tatu asubuhi, akapanda feri pamoja na wanaotoka sokoni. Feri haimtozi mwenda kwa miguu, na kwa siku ile hiyo ndiyo huduma ya umma ya bure aliyoipata kamili. Hujifunza kusema uongo wa adabu pia: jirani akimuuliza mbona hukwenda shule, hujibu kwamba walimu wana mkutano. Jirani huitikia. Walimu wa mwanawe nao wana mkutano.

Kikaratasi kina ndugu mkubwa, kuzuiliwa kwa cheti, ambaye simsifu. Sheria ya Baraza la Mitihani ya mwaka 2012 inakataza mtu au taasisi yoyote kuzuia cheti cha mtahiniwa. Hata hivyo vyeti vimekaa makabatini miaka na miaka, na vijana waliokwisha kuota ndevu bado wanaomba barua ya muda ili waajiriwe ulinzi. Mzaha una mpaka, na mpaka wake ni hapo. Mwenye cheti kilichozuiliwa aende akakidai. Sheria iko upande wake.

Nimalize kwa ombi kwa wakurugenzi wa akademi za Likoni, Kisauni na Changamwe. Namba zetu za simu mnazo. Ndizo tunazowatumia pesa. Tuandikieni huko. Mkituita tutakuja, mkitufokea tutavumilia, mkitupangia kulipa kidogo kidogo tutalipa. Mtoto muacheni darasani.