Namna ya Kufukuzwa Massachusetts

Kwanza panda meli. Mwaka mzuri ni 1630, ambapo John Winthrop anavuka Atlantiki na watu wapatao 700, akiwa amebeba hati ya kifalme ya kampuni yao. Hati hiyo uikumbuke. Kwa kuwa haikubaki London, gavana wako, hakimu wako na mtunga sheria wako wataishi mtaa mmoja na wewe Boston, na kuanzia 1631 asiyekuwa mshiriki wa kanisa hapigi kura.

Usiwachukie. Kule Uingereza Wapuritani hawa walisumbuliwa na maaskofu kwa kukataa desturi walizoona ni mabaki ya Ukatoliki wa Kirumi, na wengine waliuza kila walichokuwa nacho ili wapate pa kusali. Uhuru walioufuata ni wa kusali inavyopasa, na inavyopasa walishaamua wao. Kwa hiyo kufukuzwa si kazi ngumu.

Njia fupi ni ya Roger Williams: sema kweli mbili mahali watu wanaposikia. Ya kwanza, mfalme hawezi kugawa ardhi ya wenyeji ambayo hajawahi kuinunua. Ya pili, hakimu hana mamlaka juu ya dhamiri ya mtu. Oktoba 1635 mahakama ilimwamuru aondoke. Wakakubali kumvumilia hadi majira ya kuchipua, mradi anyamaze. Hakunyamaza, na Januari 1636, aliposikia wanakuja kumpakia melini, akatokomea kwenye theluji.

Angalizo: usifukuzwe Januari. Ikikulazimu, uwe umejifunza lugha ya wenyeji mapema kama yeye, kwa sababu Wawampanoag ndio waliomhifadhi baridi ile, na machifu wa Wanarragansett, Canonicus na Miantonomi, ndio waliompa ardhi ya mji aliouita Providence. Mwaka 1643 alichapisha kitabu kizima juu ya lugha yao. Huu ndio ushauri ninaousisitiza kuliko wote, maana wengine walipata ardhi kwa njia nyingine: Mei 1637 askari wa makoloni walichoma kijiji cha Wapequot huko Mystic na kuua mamia ya watu, wanawake na watoto wakiwemo.

Ukiwa mwanamke, mimbari huihitaji. Fungua mlango wa nyumba yako. Anne Hutchinson, mkunga na mama wa watoto wengi, alianza kwa kuwakusanya wanawake wenzake kuyazungumzia mahubiri ya Jumapili. Baadaye wanaume nao wakaja, hata watu sitini na zaidi kwa kikao kimoja. Humo ikasemwa kwamba karibu wachungaji wote wa koloni wanahubiri agano la matendo, kana kwamba wokovu hupatikana kwa matendo, badala ya agano la neema. Novemba 1637 akasimamishwa mbele ya gavana Winthrop.

Mahakamani mfuate yeye hatua kwa hatua. Ukiambiwa mwanamke hafundishi, wafungulie waraka kwa Tito, wanawake wazee wawafundishe vijana. Wachungaji wakitoa ushahidi, dai wale kiapo kwanza. Siku nzima hawakumpata. Siku ya pili akasema Mungu amemfunulia mwenyewe, moja kwa moja, na hilo likawatosha. Mimi silihesabu kuwa kosa lake. Alikuwa amechoka kuzungukazunguka. Alipouliza anafukuzwa kwa sababu gani, Winthrop akamjibu asiseme zaidi, mahakama inaijua sababu na imeridhika.

Sasa tazama wanavyokusaidia kupanua nchi. Shemeji yake, John Wheelwright, naye alifukuzwa, akaanzisha Exeter huko New Hampshire. Wafuasi wa Anne wakajenga Portsmouth mwaka 1638. Mwaka 1663 Rhode Island, koloni la waliotupwa nje lililojumuisha Providence na Portsmouth, ikapewa na mfalme hati inayosema mtu asisumbuliwe kwa ajili ya imani yake.

Hatua iliyobaki siwezi kumshauri mtu. Kanisa lilipomtenga Anne, Machi 1638, mwanamke mmoja aliinuka akatoka naye: Mary Dyer. Baadaye akawa Mkweka, muumini wa Kanisa la Marafiki, ambalo leo Kenya ina waumini wake wengi kuliko nchi yoyote. Tangu 1658 sheria ya Massachusetts ilimhukumu kifo Mkweka aliyefukuzwa akarudi. Oktoba 1659 alisimama chini ya mti wa kunyongea, kamba shingoni, akashuhudia wenzake wawili wakinyongwa. Yeye wakamsamehe dakika ya mwisho, wakamrudisha Rhode Island.

Akarudi Boston Mei iliyofuata, ili sheria ile ifutwe. Tarehe 1 Juni 1660, kamba ikiwa tayari, wakamwambia bado anaweza kwenda nyumbani akaishi. Akasema hapana.