Jinsi ya Kuichafua Anga Ukiwa Kamenge

Jirani yangu wa Kamenge hapa Bujumbura, dunia nzima inalalamikia hewa ya ukaa na wewe hutajwi popote. Aibu hiyo! Kwa mwaka mzima Mrundi, kwa wastani, hafikishi hata kilo 100 za hewa hiyo kutokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe. Mmarekani anakwenda kwenye tani 14. Fuata mwongozo huu umfikie, kwa vyombo vya nyumbani tu.

Anza na kibatari. Tafuta kopo la nyanya, toboa kifuniko, pitisha utambi wa kitambaa cha pamba, kisha peleka chupa tupu ya bia ya Primus ikajazwe mafuta ya taa. Chupa ile ni sentilita 72, na mafuta yake hayafiki kilo 0.6. Yachome yote, utapata karibu kilo 1.8 za hewa ya ukaa. Si uchawi: kaboni ya kwenye mafuta hujichotea oksijeni ya bure kutoka hewani na kuungana nayo. Katika soko zima si bidhaa nyingi zinazoongezeka uzito baada ya kununuliwa.

Sasa piga hesabu. Ukitumia chupa moja kwa mwezi, mwaka unaisha na kilo 22 hivi. Ili umkamate Mmarekani unahitaji vibatari zaidi ya 600, viwake kila usiku mwaka mzima ndani ya vyumba vyako viwili. Nafasi ikiwa ndogo, baki na kimoja na ukinyweshe chupa 21 kwa siku. Mwenye nyumba akihoji, mwambie ni maendeleo.

Tabu itakuwa kuyapata mafuta yenyewe. Mengi hushushwa bandari ya Dar es Salaam, yakapakiwa kwenye malori kuja huku, mwendo wa kama kilomita 1,500. Na kwa miaka kadhaa sasa foleni za vituo vya mafuta Bujumbura zimekuwa ndefu kuliko subira ya watu. Usivunjike moyo. Kila lita ya dizeli inayochomwa na lori hilo ni kilo 2.7 hivi, kwa hiyo umeshachangia kabla hujawasha kiberiti. Na usije ukasema utakwenda katikati ya mji kwa baiskeli: Machi 2022 baiskeli zilipigwa marufuku huko pamoja na pikipiki na tuktuk. Chombo kisichotoa hata gramu moja kilihukumiwa sawa na wenzake.

Jikoni ndiko kwenye utamu. Mama anayepikia mkaa, kama wengi hapa, haonekani kabisa kwenye safu ya mafuta. Katika hesabu za kimataifa, hewa ya ukaa itokayo kwenye kuni na mkaa haijumlishwi kwenye nishati. Miti iliyokatwa huandikwa kwenye daftari la misitu na ardhi. Siku mama huyo akichoshwa na moshi akanunua mtungi wa gesi wa kilo 6, papo hapo anaingia kwenye orodha ya wachafuzi na kilo 18 zake. Mti umepona, kifua chake kimepona, naye ameharibu takwimu. Kwa hiyo ukitaka sifa ya uchafuzi kwenye karatasi, nunua gesi haraka.

Wakati wowote anaweza kuja mtaalamu kutoka Brussels kukufundisha kupunguza. Mpokee vizuri, mpe kiti. Kwa ile ndege ya kuja na kurudi tu, fungu lake ni mamia ya kilo. Chupa yako moja ya kila mwezi haitamfikia hata ukiwasha kibatari miaka 10 mfululizo. Muulize alifanyaje.

Lakini kuna jambo moja kibatari hufanya kwa bidii kweli. Asilimia 7 hadi 9 ya mafuta yake hutoka kama masizi meusi, na masizi hayo hunasa joto la jua vibaya sana. Kabla ya kufika angani hupitia darini, kwenye chandarua na puani mwa mtoto anayesoma akiwa ameinamia mwali. Asubuhi mfute pua kwa kitambaa cheupe, utaona.

Ukipata taa ya sola, inunue leo. Inunue kwa ajili ya kifua cha mtoto huyo, na wale wa tani 14 waachie deni lao walilipe wenyewe.