Wasifu wa Marehemu Kiyoyozi

Ndugu waombolezaji, naomba mkae. Wa nyuma sogeeni mbele, ila msibanane, maana joto ni lile lile mnalolijua.

Nimesimama kusoma wasifu wa kiyoyozi cha gari langu, aliyefariki mwezi wa pili, saa moja na nusu asubuhi, katika foleni ya Ubungo, baada ya kuugua kwa muda mrefu. Najua wapo wanaouliza huu ni msiba gani wa kukusanyia watu. Wengine wanakumbuka hadithi ya sungura aliyeruka mpaka akachoka, kisha akaondoka akisema matunda yenyewe mabichi. Waacheni waseme. Kwetu aliyekufa hasemwi vibaya, hata kama kaacha madeni mtaa mzima. Ila marehemu wengine husifiwa kwa waliyoyatenda walipokuwa hai. Huyu wangu namsifu kwa aliyonitendea baada ya kufa, kwa sababu alipokuwa hai, Mungu anisamehe, sikumbuki la maana.

Tuanze na nasaba. Marehemu alizaliwa Japani, akaletwa Dar es Salaam kwa meli akiwa ndani ya kigari cha mtumba chenye injini ya lita moja, vile ambavyo watani wa mjini wanaviita bebiwoka. Msimdharau kwa udogo wa nyumba aliyokaa, maana ukoo wake ni mkubwa. Babu yao ni mtambo aliousanifu mhandisi Mmarekani, Willis Carrier, mwaka 1902, kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, New York. Nasema kiwanda cha uchapaji. Unyevu wa hewa ulikuwa ukizivimbisha karatasi na kuzisinyaza, rangi zikawa hazikai mahali pake, na Carrier akaombwa aidhibiti hewa ile. Kwa hiyo ukoo huu haukuanza kwa kumwonea huruma binadamu, ulianza kwa kuionea huruma karatasi. Sasa mimi si karatasi. Mjukuu akinitazama natota jasho na asishtuke, amefuata mila za kwao.

Mjomba wake ndiye wa kwanza kuajiriwa garini kutoka kiwandani, katika magari ya Packard ya mwaka 1940. Alikula nusu ya buti peke yake. Tena hakuwa na swichi ya kumzima. Ukizidiwa na baridi, unasimama, unazima injini, unafungua boneti, unavua mkanda wa kompresa kwa mikono yako. Mjomba hakuzimika, mpwa hakuwaka. Ukaidi ni wa damu.

Katika uhai wake marehemu alikuwa mtu wa kujionesha. Kila alipojiunga na injini ilisikika "tak!", na kigari kizima kikashtuka kama mtu aliyemwagiwa maji ya barafu mgongoni. Injini ya lita moja ina nguvu za kazi moja, na marehemu alitaka fungu lake kwanza. Jioni tukitoka Ubungo kuupanda mwinuko wa Kimara nikiwa na abiria watatu, kulikuwa na kikao: tupoe au tufike? Mara nyingi sauti ilitoka kiti cha nyuma: "Zima AC kwanza, gari lipande." Wanandoa wengi wangefika mbali kama wangejifunza mapema hivyo kwamba si kila kitu kinabebeka kwa pamoja.

Alikuwa pia na tabia ya kudondosha maji chini ya gari. Mtoto wa jirani alinikimbilia siku moja akipiga kelele, "Anko, gari linavuja!" Nikamweleza kwa madaha kwamba ni kama jasho la chupa ya soda baridi: hewa yenye unyevu inagusa mirija ya baridi, inaacha maji, maji yanatoka nje. Kiyoyozi kinachodondosha ni kizima. Mtoto aliridhika. Wiki chache baadaye maji yalikoma, naye akaja kunipongeza kwamba gari limepona. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba ndio kwanza limeanza kuumwa.

Ugonjwa ulianzia kwenye feni. Namba moja ikafa, ikafuata ya pili, ikafuata ya tatu, ikabaki namba nne peke yake. Fundi alisema ni rezista imeungua. Kuanzia hapo garini mwangu kulikuwa na hali mbili tu, kimya au kimbunga, na mazungumzo yoyote ya ndoa yalilazimika kusubiri taa nyekundu. Fundi huyo huyo alifungua nyuma ya kile kisanduku cha mbele ya abiria, akachomoa filta ya hewa, tukakuta imeshona vumbi, nywele, na majani makavu ya mti ambao haujaota Kimara wala Mbezi. Majani ya Kijapani! Miaka yote ile nilikuwa navuta hewa iliyochujwa na bustani ya mtu wa Osaka, na nilikuwa nalalamika harufu ya soksi.

Kisha ikaja habari ya gesi. Fundi wa chini ya mwembe alijaza, ikadumu majuma mawili. Akajaza tena. Akajaza tena. Mimi nilidhani gesi inaliwa kama petroli. Kumbe inazunguka humo humo: kompresa inaisukuma, kondensa inalimwaga joto lake nje, ndani inachemka upya na kuchukua joto letu. Gesi yenyewe, ile ya R134a, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, kwa hiyo joto la Dar kwake ni jiko tosha. Haiishi kwa kutumika. Ikipungua, pana tundu. Fundi wa pili alipaka povu la sabuni mahali pote, na kweli, kondensa ikaanza kutoa mapovu kama mtoto anayeoga. Imekaa mbele kabisa ya rejeta, inapokea kila kokoto la Barabara ya Morogoro. Fundi wa tatu alisikiliza kompresa, akatikisa kichwa, akataja bei. Nilimwomba airudie. Akairudia bila aibu.

Marehemu hakungoja majadiliano. Kulipokucha, pale Ubungo, alisema "tak" mara moja, akanyamaza.

Sasa nikiri kosa langu. Msiba huu niliuficha. Majuma mawili nilifunga vioo kila nilipokaribia ofisini Posta, ili watu waone mtu mwenye AC yake anaingia kazini. Mnalijua jambo hili, na baadhi yenu hapa mnalitenda mpaka leo, msiinamishe vichwa. Kaskazi inavuma, jua linapiga kioo cha mbele, usukani haushikiki, nami nimekaa ndani kama kiazi kwenye sufuria, natabasamu. Siku ya kumi ya kazi mlinzi wa getini aliniinamia akasema kwa sauti ya chini, "Pole bosi. Kuna msiba nyumbani?" Alidhani ni machozi. Nikashusha vioo, na fadhila za marehemu zikaanza kuingia.

Fadhila ya kwanza ni ukweli. Ukiwa umefunga vioo, simu inakuruhusu kuwa popote. Uko Kimara, unasema uko Magomeni. Uko kitandani, unasema uko kikaoni. Vioo vikiwa wazi, uongo huo una shahidi. Nilimwambia mkuu wangu, "Nimeshafika kituo cha Fire, dakika tano tu," na hapo hapo konda akapaza sauti dirishani mwangu: "Mbezi Kimara, Mbezi Kimara, siti zipo!" Mkuu alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza kama na siti ya mbele ipo. Tangu siku hiyo nasema nilipo. Mahubiri ya miaka arobaini yalishindwa, kompresa mbovu ikaweza.

Fadhila ya pili ni bidii. Anayetaka kuepuka jua la saa tatu hutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Mimi siku hizi nafika ofisini kabla ya mfagiaji. Katika tathmini ya mwaka nimeandikiwa kuwa mfano wa kuigwa. Heshima hii naiweka juu ya kaburi la marehemu.

Fadhila ya tatu ni watu. Miaka sita nilipita foleni ya Ubungo nikiwaona wamachinga kama samaki wa kwenye tangi: midomo inacheza, sauti hakuna. Leo najua bei ya korosho kabla haijapanda. Najua nani kapata mtoto. Yule kijana wa vitaulo ananiona kutoka magari kumi nyuma, na akinifikia keshachagua rangi. "Mzee, leo nimekuletea cha bluu, kile cha juzi najua kimeshalowa." Daktari wangu hanifahamu hivyo. Na redio ya gari, ya Kijapani, inaishia masafa ya 90 na stesheni nyingi za hapa haizipati, kwa hiyo taarifa ya habari naipata kwa bodaboda aliyesimama ubavuni, pamoja na maoni yake.

Fadhila ya nne ni pua. Mwenye AC anasafiri ndani ya harufu moja, ile ya kopo la manukato lililoning'inia kwenye kioo. Mimi ningefumbwa macho Kimara na kupelekwa Posta, ningewatajia kila kituo. Ubungo ni moshi wa dizeli na mahindi ya kuchoma. Manzese ni maandazi yanayotolewa kwenye mafuta. Jangwani ni tope la mto Msimbazi, na ukilinusa unajua kama huko juu mvua imenyesha. Ukiingia mjini kuelekea Kisutu, viungo vinakupokea. Halafu, mahali fulani kabla ya Posta, bila tangazo, upepo wa bahari unaingia dirisha la kushoto na kutokea la kulia. Upepo ule haupimwi kwa gramu kama gesi wala hauna fundi. Na haumwingii aliyefunga vioo.

Fadhila ya tano sikuitegemea. Mama mkwe alikuja kutoka Moshi. Nilikwenda na mke wangu kumpokea stendi ya Magufuli, Mbezi, moyo ukinidunda, nikiwa nimeandaa maelezo: AC iko kwa fundi, AC inasubiri kifaa, AC ilikuwa nzima jana. Akashuka kwenye basi kajifunga vitenge viwili na kilemba, midomo imekauka. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, hamjambo?" Akaingia garini, akakaa, akanyamaza. Nikaanza, "Mama, samahani, hii AC..." Akanikatiza. "Iache hivyo hivyo, baba. Kule kwenye basi walitaka kutugandisha tangu asubuhi. Gari lako lina joto la nyumbani." Mke wangu alitazama nje ya dirisha mpaka Kimara, mabega yakimtikisika. Kwa sifa ile moja, marehemu alinilipa gesi yote ya mara tatu.

Wasifu wa haki hautaji mazuri tu. Marehemu ana aibu moja, nayo ni masika. Mvua ikishuka hatuna budi kufunga vioo, na watu wanne wakipumua ndani ya kigari kile, kioo cha mbele kinakuwa cheupe kama maziwa. Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya babu yake, ule mtambo wa Carrier. Kumbe kukausha hewa ndiyo kipaji cha ukoo, ubaridi ni bahasha tu. Kiyoyozi kizima kingekisafisha kioo kile kwa dakika moja. Sisi tunatumia tambara, na anayekaa mbele ameajiriwa kufuta. Huku ninaendesha, huku anafuta, huku wa nyuma wanaelekeza: "Kulia kuna bajaji! Kushoto dimbwi!" Nilitaka kuiita hii nayo fadhila, ya ushirikiano wa familia. Lakini jioni moja, mvua ikipiga, nilimwona mtembea kwa miguu akiwa amebakiza hatua mbili tu mbele ya bampa, na tangu hapo ulimi haulitamki hilo. Mvua ikizidi tunaegesha, tunakula korosho, tunangoja.

Marehemu ameacha feni moja yenye namba nne tu, vioo vinne, kimojawapo cha nyuma kushoto hakishuki kwa hiyo hapo hukaa mwenye umri mdogo, vitaulo kumi na saba, na rafiki mmoja wa kuviuza. Baada ya wasifu huu kutakuwa na kutoa heshima za mwisho. Boneti iko wazi, piteni kwa mstari, msiguse rejeta, bado ni ya moto.

Neno la mwisho ni la familia. Mwezi huu zamu ya kupokea fedha za mchezo wa upatu ni yangu, na fundi wa tatu amekubali kupunguza bei kidogo. Rambirambi zinapokelewa kwa simu. Zikitimia, marehemu atafufuka Jumamosi saa nne asubuhi, nami nitakanusha kila neno nililolisema hapa. Kijana wa vitaulo tu naomba asiambiwe. Pale Ubungo, kwa ajili yake, nitashusha kioo.