Mama Jeni wa Katesh

Juni si mwezi wa kutotolesha vifaranga huku Gehandu. Mlima Hanang una mita 3,420, na upepo ukishuka kutoka kule hauna adabu, unaingia hadi chini ya blanketi. Kifaranga wa siku moja anataka joto la nyuzi 32 hadi 35. Mimi nilikuwa na jiko moja la mkaa, kipimajoto kimoja, na mke anayeuliza kila jioni mkaa wake wa kupikia umekwenda wapi. Vifaranga wakafa kumi na wanne kwa wiki moja.

Mwenye akili angeanza kuchunguza banda. Mimi nilianza kumchunguza mwenzangu mmoja wa upande wa Dongobesh, ambaye vifaranga wake wanaagizwa kabla mayai hayajafikisha siku 21.

Zamani kumpeleleza mwenzako kulikuwa kazi ya miguu. Unakwenda mnadani, unafunga mikono nyuma, unamshika kuku wa watu, unampapasa kifua, unauliza "mwisho shilingi ngapi?" kisha unakwenda zako. Siku hizi biashara imehamia kwenye magrupu ya WhatsApp, ambako grupu moja linabeba watu 1,024, na mikono hata ukiifunga nyuma hakuna anayeiona. Nikawasha laini yangu ya pili, ile ya kuwakwepea wanaonidai kwenye ya kwanza, nikajiandika "Mama Jeni wa Katesh", nikaweka picha ya ua, nikaingia kwenye grupu la wafugaji anakouzia.

Tatizo la kwanza lilianzia nyumbani. Mke wangu aliliona jina lile kwenye simu.

"Baba Paulo, huyu Jeni ni mtoto wa nani?"

Tuna watoto watatu na hakuna anayeitwa Jeni. Maelezo yangu yalichukua hadi saa sita usiku, na sidhani kama yamekubaliwa mpaka leo.

Nilinunua daftari la kaunta, nikachora mistari: siku, saa, nani kauliza, nani kajibu. Usiku wa tatu nikaanza kuuona mchezo. Kila ikifika saa mbili, watu wakisubiri taarifa ya habari, namba fulani inaibuka: "Jamani habarini, mwenye chotara wazuri naomba namba." Kabla hujapepesa, inakuja nyingine: "Mimi nilichukua kwa huyu kaka, hajafa hata mmoja, Mungu ambaliki." Ya tatu inaongezea: "Kweli kabisa, Mungu ambaliki." Wateja wawili, vijiji viwili, na wote wanabaliki kwa herufi ileile. Nililipigia mstari neno hilo kwa kalamu nyekundu, nikajiona mkaguzi wa mahesabu ya serikali.

Kosa langu lilikuwa kunogewa. Mtu akauliza habari za chanjo, Mama Jeni akajibu: kideri siku ya saba, gumboro siku ya kumi na nne, na maji ya chanjo yasiwe na dawa ya kuulia vijidudu. Wakamshukuru. Kesho yake wakamuuliza tena. Kwa wiki mbili Mama Jeni alikuwa maarufu kuliko mshindani niliyemfuata, na mgane mmoja wa Haydom akaanza kumsalimia kila alfajiri mbele ya watu wote: "Umeamkaje, mama? Kuku hawajambo?" Nilikuwa namjibu kwa heshima. Ningefanyaje?

Ndipo mtu akasema, "Mama Jeni, tutumie sauti, wengine macho yamechoka." Nikamgeukia mke wangu. Akanipa bei yake: kwa elfu tano atakohoa, kwa elfu kumi atasema. Nikalipa kumi. Akasema vizuri, sauti ya upole kabisa, ila katikati anasikika mwanaume kwa nyuma akinong'ona, "Waambie na pumba ibadilishwe!" Mgane akauliza huyo ni nani. Tukasema shamba-boi.

Nikaamua kumaliza kazi kwa kununua sampuli kwa yule wa Dongobesh: vifaranga kumi, elfu mbili na mia tano mmoja, jumla 25,000. Jamaa akataka pesa itangulie. Nikatuma M-Pesa hapohapo, kwa laini ileile, nikajilaza kwa raha zangu.

Msomaji wa Tanzania ameshaona nilipoangukia. WhatsApp inakuruhusu ujiite utakavyo, hata Malkia wa Sheba. Pesa haikuruhusu. Tangu laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zianze kuzimwa Januari 20, 2020, jina linalotangulia na pesa ni lile la kitambulisho cha NIDA. Baada ya dakika mbili grupu likapokea ujumbe: "Mama Jeni, pesa imeingia, asante sana." Chini yake jamaa akaandika majina yangu yote matatu, kama yanavyosomwa kanisani siku za matangazo ya ndoa.

Kimya. Kisha nikaona mgane anafuta salamu zake, moja baada ya nyingine. Lakini WhatsApp hufuta kwa wote ujumbe wa siku mbili na ushee tu. Salamu za nyuma zaidi zikamkatalia, na ziko pale mpaka sasa.

Nilijifariji kwa habari ya Sam Walton, tajiri wa Walmart kule Marekani, aliyekuwa akizunguka kwenye maduka ya wenzake na kinasa sauti mkononi. Kwenye duka la Price Club la San Diego walimnyang'anya. Akamwandikia kijibarua mkubwa wa duka, akarudishiwa kanda yake. Mimi wa kumwandikia sikuwa naye, na vifaranga wangu walikuwa Dongobesh.

Nikapanda bodaboda. Jamaa alinipokea mlangoni, hakutabasamu hata kidogo: "Karibu, Mama Jeni." Akanipa chai ya maziwa. Nikamuuliza wale wa "ambaliki" ni akina nani. "Dada zangu," akasema, "na vifaranga wao hawakufa kweli." Kisha akanifungulia banda. Dari la viroba limeshushwa, majiko mawili, maranda makavu. Kipimajoto kimening'inizwa kwa kamba, usawa wa mgongo wa kifaranga, karibu kigusane na sakafu. Changu nilikuwa nimekitundika ukutani usawa wa macho yangu. Kilikuwa kinanipima mimi, na mimi nilikuwa nimevaa sweta.

Hilo la kipimajoto hakuwahi kuliandika kwenye grupu, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Wale kumi sasa wana wiki tano. Tisa wazima, wa kumi alichukuliwa na mwewe mchana kweupe. Laini ya pili nimeizima, kipimajoto nimekishusha, na elfu kumi ya sauti sijarudishiwa.